Mlioiangalia The Farewell, ile familia ilifanya sawa kumficha bibi ugonjwa wake?

binti_wa_pangani
Wakuu habari zenu. Jana nimeangalia The Farewell, ile movi ya 2019 ya Lulu Wang, mpaka saa nane usiku niko macho nimekaa tu kitandani. Kwa ambao hamjaiona, bibi yuko Changchun huko China, wanamwita Nai Nai, madaktari wamemkuta na kansa ya mapafu hatua ya 4 na familia imeambiwa amebakiza kama miezi mitatu, basi ukoo mzima unakubaliana asiambiwe. Sasa ili wote wapate sababu ya kurudi kumuaga wanapanga harusi ya mjukuu wa kiume anayekaa Japani, na huyo mchumba mwenyewe wamejuana juzi juzi tu. Billi, yule mjukuu wa New York, wazazi wake wanamkataza asije maana uso wake hauwezi kuficha kitu, yeye akapanda ndege kivyake.

Nauliza kwa sababu nyumbani kwetu ni hivi hivi. Bibi aliyenilea ana kansa ya tumbo, baba na shangazi wamemwambia ni vidonda vya tumbo. Juzi kanipigia ananiambia mjukuu wangu nimeacha pilipili, nimeacha maharage, mbona vidonda haviponi? Nikakaa kimya, nikasingizia mtandao unakata. Nyie mnaonaje?

mzee_wa_kahawa
Pole sana binti yangu. Hiyo movi nimeangalia na mke wangu mara mbili. Kuna kitu watu kinawapita, Nai Nai mwenyewe alimficha mumewe hivyo hivyo mpaka alipokaribia kufa, kwa hiyo wanae hawakuanzisha wao, wamerithi kwake. Na yule kaka wa baba yake Billi anamwambia nyie wa Marekani mnaona maisha ya mtu ni yake peke yake, huku ni ya familia, huo mzigo tuubebe sisi. Mimi nakubaliana naye kabisa. Halafu stori ni ya bibi yake Lulu Wang wa kweli, na mwisho wanaonyesha miaka 6 baada ya majibu bado yuko hai. Mngemwambia labda angelala kitandani akasubiri kifo.

mama_wawili
Mzee wangu shikamoo, kwa heshima zote mimi nakataa. Mama yetu tulimficha. Tukamwambia anaenda kupigwa picha tu, gari lilipokata kona kuingia Ocean Road, hospitali ya kansa, akasema "kumbe ndio huku", hakuongea tena mpaka tunarudi Mbagala. Dar hii nani hajui Ocean Road wanatibu nini? Wiki hiyo hiyo akaanza kugawa kanga zake, doti moja moja, hii ya fulani, hii ya fulani, ametulia kabisa anazikunja kwenye mkeka, na sisi bado tunamwambia mama utapona utazivaa mwenyewe. Alikuwa anajua na anatuficha sisi kwamba anajua. Hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia neno la maana, mpaka leo inaniuma.

Ndio maana pale mwisho wanapoondoka na gari, Nai Nai kabaki barabarani anapunga mkono huku analia, mimi nilizima TV nikatoka nje.

mzee_wa_kahawa
Pole sana mwanangu, hilo la kanga limenigusa. Ila bibi yeyote analia vile wajukuu wakirudi mbali.

nesi_wa_zamu
Niko wodini mwaka wa tisa, kila wiki kuna ndugu ananivuta pembeni, "nesi usimwambie." Ile sehemu wanaenda kubadilisha karatasi ya majibu niliiangalia huku natetemeka. Dada, kabla ya kumwambia au kumficha, muulize yeye. "Bibi, majibu ungependa uambiwe wewe au tuongee na baba?" Wapo wanaosema ongea na mwanangu, basi, umemheshimu. Wapo wanaosema niambie, nina shamba sijaligawa.

Lakini kuna jambo la leo leo. Bibi anajinyima chakula kwa ajili ya vidonda ambavyo hana, na anahitaji nguvu. Hata mkikubaliana asijue, mwacheni ale kinachomshuka. Na maumivu muulizeni daktari, kuna mofini ya maji ya kunywa, asivumilie bure.

binti_wa_pangani
Asanteni jamani, nimesoma huku nalia. Nimeongea na shangazi, kalia sana, ila kakubali nimuulize bibi mwenyewe tukiwa wawili. Napanda basi Jumamosi asubuhi. Nimempigia bibi nikamwambia nesi mmoja kasema maharage ruksa, kacheka mpaka kakohoa, kasema basi nimletee yale ya njano, kilo mbili, na nazi atakuna yeye.