Sindano za homoni za kupunguza uzito kupitia daktari wa simu: tuulize nini kabla ya kulipa?

Mkaazi_Umoja

Hamjambo wana jukwaa. Nauliza kwa niaba ya mama, ana kisukari: miaka 52, kilo 94, urefu sentimita 163, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu) asilimia 8.1. Anameza metformini gramu 1 asubuhi na jioni, pamoja na glimepiridi mg 4 kila asubuhi.

Kuna kliniki ya simu hapa Nairobi. Unajaza fomu, unaongea na daktari kwa video dakika kumi, unalipa kwa M-Pesa, boda analeta dawa hadi mlangoni. Wana vifurushi viwili. Cha kwanza ni kalamu ya semaglutidi ya kila wiki. Cha pili ni nusu ya bei hiyo: kichupa cha unga kilichoandikwa semaglutidi mg 5, maji ya kuchanganyia, sindano kumi za insulini, na kichupa kingine cha CJC-1295 wanachosema "kinarekebisha homoni". Hawajaitisha kipimo hata kimoja.

Dawa hizi hufanya kazi vipi, na tuulize nini kabla pesa hazijatoka? Isitoshe, stima huku kwetu hupotea mara kwa mara.

Nesi_wa_Kisukari

Ndugu, anza na hiyo glimepiridi. Yenyewe hulisukuma kongosho kutoa insulini hata sukari ikiwa chini. Semaglutidi huchochea insulini sukari inapopanda tu, kwa hiyo ikitumika peke yake, au na metformini, ni nadra kuangusha sukari. Zikikutana na glimepiridi, na mama amepunguza kula kwa sababu hana hamu, sukari inaweza kuporomoka usiku. Ndiyo maana daktari makini huipunguza glimepiridi mwanzoni, mara nyingi kwa nusu, wakati mwingine huisimamisha. Metformini kwa kawaida huendelea. Daktari wa video asipouliza mama anameza nini, mkatie simu.

Nunueni mashine ya kupimia sukari kabla ya sindano ya kwanza. Ikisoma chini ya 3.9 (mmol/L), apewe gramu 15 za sukari, yaani karibu vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, kwenye maji. Apimwe tena baada ya dakika 15. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu, anakimbizwa hospitali.

Sasa dawa yenyewe. GLP-1 ni homoni inayotoka kwenye utumbo tukila. Huuambia ubongo kwamba tumeshiba, huchelewesha chakula kutoka tumboni na huchochea insulini. Ile ya mwilini haidumu hata dakika mbili tatu kabla ya kimeng'enya kiitwacho DPP-4 kuikata. Semaglutidi imeundwa kuifanana, ila inashikamana na protini ya damu, albumini, hata baada ya wiki nzima nusu yake bado ipo mwilini. Hapo ndipo ilipo faida ya kudunga mara moja kwa wiki, na ndipo ilipo hatari: ukizidisha dozi huna namna ya kuitoa, unatapika kwa siku kadhaa. Tirzepatidi, ile ya Mounjaro, huigiza homoni mbili, GLP-1 na GIP.

Daktari wa simu si tatizo. Maabara zipo kila mtaa. Anaweza kukutumia fomu ya vipimo na akasoma majibu siku hiyohiyo. Kwa mama ningetaka kreatinini ya figo, kipimo cha ini, mafuta ya damu, shinikizo, na uzito uliopimwa kwenye mizani badala ya kukisiwa kwa simu. Macho pia yachunguzwe nyuma kabisa, kwenye retina, kwa sababu sukari iliyokaa juu ikishushwa kwa kasi, macho ambayo tayari yana madhara ya kisukari yanaweza kuharibika zaidi. Hili huachwa sana, na linaniumiza. Kama kwenu kuna selimundu au ameongezewa damu karibuni, HbA1c inaweza kudanganya. Tumieni sukari ya kabla ya kula.

Aulizwe pia: kuna aliyeugua saratani ya tezi ya thairoidi aina ya medula katika ukoo, au ugonjwa wa kurithi uitwao MEN2? Kongosho lake limewahi kuvimba? Ana mawe ya nyongo? Jibu la ndiyo kwa swali la kwanza linafunga mlango kabisa. Kwa wanawake wanaopanga kupata mimba, semaglutidi husimamishwa angalau miezi 2 kabla.

Mfamasia_Mtaani

Nakubaliana na dada hapo juu. Mimi nashika kile kifurushi cha nusu bei.

Chukua hesabu yenyewe. Kichupa ni mg 5. Ukitia maji ml 2, kila ml ina mg 2.5, kwa hiyo dozi ya kuanzia ya mg 0.25 ni ml 0.1, yaani alama ya 10 kwenye sindano ya insulini ya U-100. Ukitia maji ml 1, dozi hiyohiyo ni alama ya 5. Mtu akiambiwa "vuta kumi" bila kuulizwa ametia maji kiasi gani, na kumbe ametia ml 1, tayari amejidunga dozi mbili. Akisoma 0.25 kama alama ya 25, kwa ml 2 amejipa mg 0.625, na kwa ml 1 amejipa mg 1.25, mara tano ya dozi. Haya si ya kubuni: mwaka 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kuhusu watu waliojidunga mara 5 hadi 20 ya dozi yao wakivuta semaglutidi ya vichupa, wengine wakaishia hospitali. Hapo bado hatujauliza kama unga una mg 5 kweli, au kama ulifungwa mahali safi.

Hicho kichupa cha pili ni kibaya zaidi kwa mama. CJC-1295 huchochea homoni ya ukuaji, nayo homoni ya ukuaji hupingana na insulini. Kumpa mtu mwenye HbA1c ya 8.1 ni kuvuta kamba pande mbili. Na kama nyumbani kuna mkimbiaji, ajue kwamba CJC-1295, na nyingine za vichupa kama ipamorelini na BPC-157, zote zimepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. "Sikujua" haimwokoi.

Kalamu basi. Kabla ya kulipa, tafuta jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC (baraza la madaktari la Kenya), na famasia inayotuma dawa kwenye orodha ya Bodi ya Famasia na Sumu. Uliza jina la mfamasia anayehusika, si la mhudumu wa WhatsApp tu. Boksi likifika, namba ya bechi na tarehe ya mwisho zilingane kwenye boksi na kwenye kalamu, na lebo isiwe inabanduka. Kalamu halali ya Ozempic, yaani semaglutidi ya kiwandani, hairefuki unapozungusha dozi. Ikitokeza nje, irudishe. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kalamu feki zinaweza kuwa na insulini ndani, na insulini kwa mtu asiyeitarajia inaweza kuua.

Dozi ya Ozempic ni mg 0.25 kwa wiki 4, kisha 0.5, na kila hatua angalau wiki 4. Ile 0.25 haitibu chochote, ni ya kulizoesha tumbo. Anayekuanzishia mg 1 "ili uone matokeo haraka" anakununulia kutapika. Adunge tumboni, pajani au mkononi juu, abadilishe mahali, sindano mpya kila mara. Abonyeze mpaka kaunta isome 0, kisha ahesabu polepole mpaka sita kabla ya kuchomoa. Ukichomoa mapema, tone linabaki juu ya ngozi na dozi imepungua. Asiache sindano kwenye kalamu, dawa huvuja na hewa huingia.

Lishe_Makadara

Naongeza la chakula tu. Uzito unaopotea si mafuta peke yake, misuli nayo huenda. Aanze sahani na protini kabla ya ugali: ndengu, omena, mayai, maziwa. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo yai la asubuhi peke yake halitoshi. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, hata kusimama na kuketi kwenye kiti mara kumi kumi. Choo kikikauka, maji na papai kabla ya kukimbilia dawa. Aache kula mara tu ashibe. Kipande cha ziada cha chapati na nyama ya mafuta ndicho huleta kutapika.

Mkaazi_Umoja

Asanteni sana. Tunaachana na vichupa. Maswali ya mwisho: stima, na mama husafiri Mombasa wiki mbili mbili. Akisahau wiki moja je? Na ataitumia hadi lini?

Mfamasia_Mtaani

Kalamu ambayo haijafunguliwa ikae friji, digrii 2 hadi 8, katikati ya rafu, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, itupwe. Stima ikipotea saa chache, usifungue friji. Ikishaanza kutumika, Ozempic inaweza kukaa nje chini ya digrii 30 kwa wiki 6 au 8, kulingana na karatasi iliyo kwenye boksi, fuata hiyo. Nairobi si taabu, Mombasa ndiyo taabu: mfuko wa baridi, pakiti ya barafu ikitenganishwa na kalamu kwa taulo. Isiachwe ndani ya gari juani, wala isitumwe kama mzigo wa basi. Boda naye asiilete kwenye mfuko wa plastiki saa saba mchana.

Akisahau, na hazijapita siku 5, adunge akikumbuka. Zikipita, aruke hadi siku yake ya kawaida, asidunge mbili. Akikosa wiki kadhaa, azungumze na daktari kwanza, huenda akarudishwa dozi ya chini.

Nesi_wa_Kisukari

Kuhusu hadi lini: mpange kama dawa ya shinikizo, si kama dozi ya malaria. Kwenye utafiti wa STEP 1, waliopewa semaglutidi mg 2.4 walipungua wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68, na mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito huo. Kwa hiyo ulizeni bei ya miezi 12, si ya mwezi wa ofa.

Andikeni hili kwenye karatasi mbandike jikoni: maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, ni kuacha sindano na kwenda hospitali siku hiyohiyo, si kusubiri video. Akitapika mpaka mkojo uwe mchache na mweusi, pia aende, figo zinaumia. Na akipangiwa upasuaji wowote, hata wa jino kwa usingizi, amwambie mtoa usingizi mapema, kwa sababu chakula kinaweza kuwa bado tumboni hata akifunga usiku kucha.