Naomba ushauri: Nimweleze vipi mama kuhusu sindano ya kukinga VVU?

Wapendwa, naomba ushauri wenu. Mwaka 2024 zilitangazwa habari ambazo hadi leo zinanistaajabisha: katika utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walidungwa lenacapavir, sindano ya kukinga VVU inayotolewa mara mbili tu kwa mwaka, na hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa. Mimi nilikulia Nairobi wakati ambapo karibu kila ploti ilikuwa na mgonjwa aliyefichwa chumbani, kwa hiyo niliposoma taarifa hiyo nilitokwa na machozi.

Mdogo wangu, ambaye ana umri wa miaka 23 na anaishi nasi Umoja, anataka kudungwa. Mama hataki kusikia. Anasema kwamba msichana mwenye heshima zake hahitaji kinga ya namna hiyo, na tulipoligusia jambo hili mezani alisukuma sahani ya ugali kando, akajifunga leso, akaenda kuketi kwa jirani. Pia anaamini kwamba hiyo ni chanjo, ilhali ni dawa, ndiyo maana hurudiwa kila baada ya miezi sita na mtu hupimwa kwanza.

Mdogo wangu ni mtu mzima, lakini hatungependa afanye jambo hili kwa siri ilhali anaishi kwa mama. Mliowahi kuzungumza na wazazi wacha Mungu kuhusu mambo haya, mlianzia wapi? Je, ni afadhali shangazi azungumze naye kwanza, au mhudumu wa afya ya jamii ambaye mama anamheshimu?