Eti mgeni akifanya kosa China anahukumiwa na ubalozi wake?

Binti wa Kariakoo
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mdogo wangu anakwenda Guangzhou kufuata mzigo wa pochi. Mjomba kamtoa wasiwasi, eti kule mgeni akiharibu anashughulikiwa na ubalozi wake, polisi hawamgusi. Nilipobisha akanitajia mikataba ya enzi za wafalme. Kuna ukweli?

Mzee wa Darajani
Ukweli upo, ila mjomba kachelewa miaka themanini na ushee.

Mwaka 1821, hukohuko Guangzhou, baharia Francesco Terranova wa meli ya Kimarekani Emily alishtakiwa kumtupia mtungi wa zeituni mama aliyekuwa akiuza matunda kwenye mashua. Mama akatumbukia majini akafa. Wachina wakasimamisha biashara na Wamarekani mpaka baharia akatolewa, akanyongwa. Wageni hawakulisahau. Uingereza ilipoishinda China kwenye Vita vya Afyuni, mkataba wa 1843 ukaruhusu watu wake washtakiwe kwa sheria za kwao. Wamarekani wakapata wao 1844, wengine wakafuata.

Kilichotazamwa ni mshtakiwa ni nani. Mchina akidhulumiwa na Mwingereza, anapeleka shauri kwa konseli (balozi mdogo) wa Kiingereza! Na makonseli wengine, hasa wa mataifa madogo, walikuwa wafanyabiashara wenyewe. Hilo hata Unguja tulilionja: Richard Waters, konseli wa Marekani tangu 1837, alikuwa mfanyabiashara wa mji wa Salem huko Marekani, na mkataba wa Sayyid Said wa 1833 uliwapa makonseli kuamua kesi za Wamarekani wao kwa wao. Kwa China walichukua zaidi. Waingereza walifungua mahakama yao kuu Shanghai mwaka 1865, Wamarekani nao 1906. Hata Makalasinga waliokuwa polisi Shanghai walihukumiwa na majaji wa Kiingereza, kwa kuwa walihesabiwa raia wa mfalme wao.

Januari 1943 Uingereza na Marekani zikasaini kuyaachia yote hayo.

Kontena Futi 40
Mzee kamaliza historia. Mimi niko Xiaobei, mtaa wa hapa Guangzhou, nasema ya leo. Dogo akikamatwa ana haki ya kuomba ubalozi ujulishwe. Watamtembelea, watasaidia apate wakili, lakini kumtoa hawamtoi. Asibebe begi la mtu, hata awe ndugu: heroini kuanzia gramu 50, sheria ya hapa inafika mpaka kifo.

La pili watu wanalidharau. Akilala hotelini, hoteli inamsajili. Akifikia kwa mtu au akipanga chumba, aende kituo cha polisi ndani ya saa 24 na pasipoti yake, na mkataba wa pango kama anao. Karatasi watakayompa aitunze.

Binti wa Kariakoo
Asanteni sana. Mjomba kasoma, anasema "basi walikosea kuifuta" 😂 Kaka Kontena, akihama chumba anaanza upya?

Kontena Futi 40
Anaanza upya, hata kama kahamia mtaa uleule. Na aende na mwenye nyumba, ataokoa muda.