Eti Sugar Ray ALIKUWA NA SUKARI??

Wakuu, ndio nimefika nyumbani, hata viatu sijavua. Simtaji, mnamjua nyote. Yule yule bingwa wa kila mada, mwenye sauti ya kipaza cha mnadani.

Tulikuwa tunaangalia pambano, watu kama elfu mbili sebule moja. Katoto kakauliza kwa adabu zake, "Mbona mabondia wengi wanajiita Sugar?" Swali LANGU hilo! Nimezaliwa kulijibu. Nikaweka glasi chini, nikafuta mdomo, nikaanza, "Ni hivi..." Jamaa akanidaka hewani: "Si walimwiga Sugar Ray Robinson? Yule ALIKUWA NA SUKARI."

Na watu wakaitikia "aaaah". Ile aaah ya kuelewa! Mama mmoja akatikisa kichwa, "Maskini, na kazi yenyewe ngumi."

Alikuwa na sukari.

Jamani, yule alizaliwa Walker Smith. Umri haujatimia, akapanda ulingoni kwa kadi ya bondia mwingine, Ray Robinson, jina likamganda. Sukari ilikuja baadaye, kocha wake George Gainford aliposifiwa kwamba kijana wake mtamu kama sukari. MTAMU! Mgonjwa anapigana mapambano karibu 200? Nikayasema yote hayo, mate yananikauka. Akanishika bega: "Mdogo wangu, usipende kubisha. Kunywa maji."

Mimi namzidi miaka sita! Kunywa maji! Mbele ya katoto!

Halafu eti Rocky Marciano aliitwa Rocky kwa kuwa alivunja mawe. Aliitwa ROCCO! Rocco Marchegiano, mtangazaji likamshinda kutamka, likakatwa. Lakini hilo nimemsamehe. Sukari simsamehi.

Kona Nyekundu: "Na kazi yenyewe ngumi" 😂😂 nimemwamsha mke wangu.

Jicho la Refa: Mkuu umekula nokauti raundi ya kwanza, na mwenzio hata glovu hajavaa.

Kengele: Simtetei, ila Robinson uzeeni kweli aliugua kisukari.

Mleta uzi: UZEENI! Jina alilipata kijana! Wewe ndiye yeye, sema ukweli.

Kengele: Siye mimi. Ila kunywa maji.

Mzee wa Jabu: Sukari kitu gani. Hasira zangu mimi ni Jersey Joe Walcott. Mtu kazaliwa Arnold Cream, kaona jina halitishi, akabeba la bondia wa zamani, Joe Walcott wa Barbados, akabandika Jersey mbele. Nimebishana na shemeji saa nzima juu ya Walcott, kumbe kila mtu ana wake.

Kona Nyekundu: Cream na Sugar? Hizo ngumi au chai?

Jicho la Refa: 😂😂😂

Mleta uzi: Tusitoke kwenye mada. ALIKUWA NA SUKARI, mbele ya watu.

Kushoto Kulia: Bora wote hao. Bondia Marvin Hagler watangazaji walimbania lakabu yake ya "Marvelous", yaani wa ajabu, 1982 akaenda kubadili jina kisheria, wakameza wenyewe. Mimi bosi mwaka wa nne huu ananiita jina la mtu aliyeacha kazi kabla sijaja. Na naitika!

Mzee wa Jabu: Bandika Jersey mbele utulie.

Kushoto Kulia: Mzee usinitanie, juzi hata cheti cha pongezi kimetoka na jina la yule yule.

Jicho la Refa: Nenda mahakamani kama Hagler, ila wewe ujibadilishe uwe yeye. Kazi imeisha.

Mgeni wa Leo: Samahani wakuu, naona mnaongelea sukari. Mama kapima asubuhi hajala kitu, ikasoma 11. Ni mbaya?

Kushoto Kulia: Iko juu hiyo. Mpeleke hospitali leo leo, usisubiri.

Mgeni wa Leo: Asante sana. Huyo Robinson yeye alikuwa anatumia dawa gani?

Kengele: 😂😂😂 Mleta uzi njoo, umeitwa.