Mjadala: Anayeuza sauti ya mamilioni aithibitishe pazia likiwa limeshushwa

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam.

Naiweka hoja mezani mapema ili anayetaka kuipinga ajue pa kuishika. Muuzaji yeyote wa vifaa vya muziki anayetangaza kwamba chake kinatoa sauti bora kuliko cha bei ya chini alazimike kulithibitisha hilo kwa wasikilizaji wasioona ni kipi kinapiga. Akishindwa au akikataa, dai lifutwe kwenye tangazo. Nazungumzia nyaya, amplifaya, vile vidude vya DAC vinavyogeuza faili kuwa sauti, vyote.

Kinachonisukuma ni vijana. Wapo wanaopenda muziki kwa dhati, wana simu na hedifoni za kawaida, na wanaanza kuamini kwamba hawajawahi kuusikia muziki wenyewe kwa sababu hawajanunua kinachosifiwa na wapenzi wa hi-fi, yaani mitambo ya muziki ya sauti safi, wa Ulaya na Marekani. Wanajinyima, wanaagiza, na kinachowafikia ni kisanduku kizuri. Hiyo ni dhuluma, tena mtu anadhulumiwa kupitia kitu anachokipenda.

Tuanze na waya. Mwaka 2007 kampuni ya Marekani iitwayo Pear Cable ilikuwa ikiuza waya wa spika, Anjou, kwa dola 7,250 jozi ya futi 12, yaani haufiki hata mita nne. James Randi, mwanamazingaombwe aliyetumia miaka mingi kuwaumbua wadanganyifu, akaahidi dola milioni moja kwa yeyote atakayeutofautisha na waya wa kawaida kwa masikio peke yake. Kampuni ikajitoa. Mwandishi mmoja wa hi-fi alijitokeza kujaribu, yeye na Randi wakaishia kuvutana juu ya masharti, na jaribio halikufanyika. Dola milioni zilibaki pale pale, kwa kazi ambayo wenye nyaya hizo husema wanaifanya kila jioni sebuleni kwao.

Hesabu yake haihitaji maabara. Chukua waya wa shaba wa milimita 2.5, huu huu ambao fundi umeme anaupeleka kwenye soketi. Mita tano za kwenda na tano za kurudi zina ukinzani wa karibu omu 0.07. Spika ya kawaida ni omu 8. Kinachopotea njiani hakifiki asilimia moja. Waya wa dola elfu saba unaweza kukipunguza hicho kidogo, lakini hauwezi kuongeza kitu ambacho hakikutoka kwenye amplifaya.

Na wanaouza waya wa umeme wa mita moja na nusu kwa bei ya pikipiki watueleze unasafisha nini, wakati umeme umeshasafiri kilomita kwa kilomita kwenye nyaya za kawaida za alumini kabla ya kufika ukutani. Umeme wetu una shida zake, voltu zinapanda na kushuka, na kununua stebilaiza ni akili. Stebilaiza inakinga kifaa kisiungue. Haimpi mwimbaji koo jipya.

Kwenye amplifaya sitakaa sana. Mwaka 1987 gazeti la Stereo Review liliwakalisha wasikilizaji, wakiwamo walioapa kwamba amplifaya hutofautiana, mbele ya amplifaya za dola mia mbili na ushee na nyingine za maelfu. Sauti zikasawazishwa, majina yakafichwa. Majibu yao yalikuwa sawa na ya kubahatisha.

Mfano ninaoutegemea zaidi ni wa Mobile Fidelity, au MoFi, kampuni ya Marekani inayochapa upya santuri za zamani kwa wanaotafuta sauti safi kabisa. Baadhi ya santuri zake ziliuzwa zaidi ya dola 100 moja, na wanunuzi waliamini kwamba sauti inatoka kwenye utepe wa studio hadi kwenye santuri bila kupita kwenye dijitali popote. Wahakiki waliandika kwamba wanausikia uhai wa analogi, yaani sauti isiyogeuzwa kuwa namba, ule ambao dijitali huuua. Julai 2022 mwenye duka la santuri wa Phoenix, Arizona, akasema hadharani kwamba amesikia vinginevyo. Akaalikwa kwenye kampuni, na mbele ya kamera wahandisi wenyewe wakaeleza kwamba kampuni ilikuwa ikitumia faili za dijitali katika kutengeneza santuri zake, jambo lililobainika kuwa limeendelea tangu 2011. Miaka kumi na moja! Watu wenye mitambo ya bei ya nyumba, kwenye vyumba walivyovipanga wenyewe, kwa muda wanaoutaka, bila mtu kuwasimamia, hawakugundua. Kesi ikafunguliwa na kampuni ikakubali kuwafidia wanunuzi.

Santuri zile zilikuwa nzuri na bado ni nzuri. Kilichoporomoka ni dai kwamba sikio lililozoea hutambua dijitali mara moja.

Sisemi watu hao ni waongo. Walisikia walichosikia, kwa sababu sikio halifanyi kazi peke yake. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa kampuni ya spika ya Harman, waliwapa wasikilizaji 40, wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo, spika zile zile wakiziona na kisha wasizione. Zilipoonekana, kubwa na za gharama zilipata alama za juu. Zilipofichwa, pengo likapungua. Ujuzi wa kazi haukuwakinga.

Anayetaka sauti nzuri kweli apeleke pesa kwenye spika, kisha kwenye chumba. Spika hutofautiana waziwazi hata pazia likiwa limeshushwa. Chumba cha urefu wa mita 4 huikuza besi ya karibu hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde), ikavimba ukutani na kufifia katikati. Sakafu ya marumaru, dirisha la kioo, ukuta mtupu: sauti inarudi kutoka kila upande kabla hujamwelewa mwimbaji. Zulia zito, pazia nene na kabati la vitabu vitakupa mabadiliko ambayo hata jirani atayasikia.

Nani anapinga?

Mpenzi wa santuri, Mombasa

Bwana, umesema mengi ya kweli na bado hujanishawishi.

Mimi nina santuri za taarab alizoniachia marehemu baba. Nazisikiliza usiku nyumba ikishatulia. Sisikilizi vipande vya sekunde kumi huku mtu ananiuliza ni A au ni B. Sikio lililo kwenye mtihani si sikio la mtu aliyestarehe, na tofauti nyingine hujitokeza baada ya wiki kadhaa: mtambo mmoja unakuchosha mapema, mwingine unakukesha.

Halafu utafiti wa Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, umeuruka. Mwaka 2016 alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akakuta kwamba watu wanaweza kuitambua rekodi ya kiwango cha juu kuliko CD, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Basi tusiseme kwamba wote wanaosikia tofauti wanajidanganya.

Na pesa ni zangu. Mtu akinunua saa ya mkono ya milioni tano, hakuna anayemdai athibitishe kwamba inakwenda sahihi kuliko ya elfu ishirini. Kushika santuri, kuifuta vumbi, kuitazama sindano ikishuka, hiyo nayo ni sehemu ya muziki. Msitake kutupimia raha kwa rula.

Fundi redio, Gerezani

Wakuu, mnavutana juu ya nyaya za Wamarekani wakati maumivu ya Mtanzania yapo kwenye sabufa.

Mimi kazi yangu ni kuzifungua. Kwenye boksi imeandikwa wati 8,000 PMPO, yaani eti nguvu ya mshtuko wa sekunde, nyingine 12,000, kwa herufi kubwa za dhahabu. Ndani unakuta transfoma ndogo ya kukaa kiganjani na IC tatu, vile vidude vya kukuza sauti, za TDA2030. Aliyeitengeneza IC hiyo mwenyewe ameiandika ni wati 14. Zidisha kwa tatu. Na nyuma, pale mteja asipotazama, kuna kibandiko kinachosema inakula wati 60 kutoka ukutani. Kitu kinachopokea 60 kitatoaje 8,000?

Plagi zetu hizi za pini tatu zina fyuzi ya ampea 13. Kwa voltu 230 hiyo ni wati kama 3,000 tu. Sabufa ya wati 12,000 kweli ingeyeyusha fyuzi kabla ya wimbo kuanza.

Wamarekani hili walilifanyia kazi zamani. Tume yao ya biashara, FTC, iliweka kanuni mwaka 1974: anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani ataje nguvu ambayo kifaa kinaweza kuidumisha, siyo mshtuko wa sekunde. Mwaka 2024 wakaikaza zaidi. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi, na Wakenya wana Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Sheria zipo. Maboksi yanaendelea kupita bandarini.

Mteja wangu wa kawaida ni mama lishe au kijana wa bodaboda aliyedunduliza. Akiniletea sabufa iliyoungua kwa sababu ameifungulia hadi mwisho akiamini ina wati elfu nane, namwambia nini?

Mtu wa mitambo, Arusha

Nafunga vyombo makanisani na kwenye maharusi. Naunga mkono nusu.

Kabla ya sheria, watu waijue hila moja ya dukani. Kifaa kinachopiga kwa sauti kubwa zaidi kidogo tu, hata isiyofika desibeli moja (kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio halitasema kina sauti kubwa. Litasema kina sauti nzuri. Muuzaji anayekulinganishia vifaa viwili bila kuvisawazisha kwa mita ameshakuchagulia. Vivyo hivyo ukibadilisha amplifaya nyumbani na kugusa kitufe cha sauti, huwezi tena kujua ulichosikia kimetoka wapi.

Nusu ninayoikataa ni ya kulazimisha majaribio kwa kila dai. Nani atalipa? Nani atakaa nyuma ya pazia? Wati zinapimika kwa mzigo wa omu 8 na mita, mchana mmoja. Lakini "sauti yenye joto", "sauti laini kama hariri", hayo ni maneno ya sokoni kama ya muuza machungwa anayesema yake ni sukari tupu. Ukiyaburuta mahakamani utajaza mahakama. Shirika la Viwango lishike wati na usalama wa umeme, basi. Hayo mengine yaachiwe mnunuzi na mafundi wake.

Mwanzisha mada

Fundi wa Gerezani, umeipa mada yangu uzito niliokuwa sijaupa. Uongo wa PMPO na uongo wa waya ni wa aina moja: namba au sifa inayotangulizwa ili mnunuzi asiulize. Wa kwako unaumiza watu wengi zaidi, na ndio uanze kushughulikiwa.

Ndugu wa Mombasa, raha yako siigusi. Lakini muuzaji wa saa ya milioni tano haniambii kwamba ya elfu ishirini inaonyesha saa ya uongo. Anauza ufundi na sura, na mnunuzi analijua hilo. Waya wako ukiuzwa kama pambo zuri la sebuleni, sina neno. Ukiuzwa kwamba unamleta Bi Kidude chumbani, hapo nadai ushahidi.

Kuhusu mtihani kuchosha sikio, nakurudisha kwa MoFi. Hapakuwa na mtihani wala saa wala aliyeuliza A au B, na muda haukuwa wiki bali miaka. Sikio lililostarehe lilikuwa na kila nafasi.

Reiss simkimbii, maana kazi kama yake ndiyo ninayoidai kwa wauzaji. Wastani alioupata ni majibu sahihi asilimia 52.3, ambapo kubahatisha ni 50. Waliofunzwa walipata kama 60. Mwaka 2007 Meyer na Moran, wakifanya majaribio na wapenzi wa sauti wa Boston, walipata majibu sahihi 276 kati ya 554, yaani karibu nusu, kama kubahatisha. Tuseme basi Reiss ndiye yuko sahihi na tofauti ipo: ni tofauti ndogo inayohitaji mazoezi na umakini kuinasa. Muuzaji aiandike hivyo hivyo kwenye boksi, nami nitanyamaza.

Mtu wa Arusha, nakubali kwamba joto na hariri hayapelekwi mahakamani. Ninachotaka kikamatwe ni madai ya ulinganisho: "bora kuliko", "utasikia usichowahi kusikia", yakiambatana na bei. Gharama ya jaribio abebe anayedai. Kama kifaa kinauzwa dola 7,250, pazia na mita ya sauti havitamfilisi.

Mpenzi wa santuri, Mombasa

Nakubali jaribio kwa sharti langu. Liwe nyumbani kwangu, kwa santuri zangu, kwa miezi. Mpwa wangu awe na nyaya mbili nyuma ya kabati, wangu na huo wa soketi wa fundi umeme. Kila Ijumaa arushe sarafu: aubadilishe au auache, nisijue. Aandike kwenye daftari lake, nami niandike kwenye langu kila wiki ni upi ninaoamini unapiga. Kusawazisha sauti atalishughulikia mtu wa Arusha, atuambie mita gani inatosha.

Lakini ukija wa soketi kushinda, bado wangu siuuzi.

Mtu wa mitambo, Arusha

Kwa waya pekee usiguse kitufe cha sauti kabisa, tia alama ya wino pale kilipo. Mita ya bei nafuu ya desibeli itatosha kuhakikisha. Mpwa azime amplifaya kabla ya kuchomoa, na ncha zote mbili zifungwe kwa plagi za aina moja ili usizitambue kwa kuzigusa. Wiki ziwe nyingi, angalau ishirini, la sivyo bahati itatuchanganya sote.