IST inagonga mbele kushoto, shokapu nimeshafunga mpya

MayaiMadale:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina Toyota IST ya 2004, ndiyo inayonilisha. Alfajiri napakia trei za mayai Madale napeleka madukani Mwenge na Sinza, kwa hiyo naendesha taratibu na redio nazima nisikie mzigo.

Imeanza kugonga mbele kushoto, ko-ko-ko, nikipita kwenye mawe na vibonde vya barabara ya vumbi. Kwenye lami, kimya. Tuta nikilipanda kwa tairi zote mbili, kimya pia. Ila tairi la kushoto likiingia shimoni peke yake, lazima igonge.

Gereji waliizungusha kidogo tu wakasema shokapu zimekufa. Nimefunga mpya mbili za mbele. Ko-ko-ko iko palepale, na sasa kuna nyingine: nikizungusha usukani gari likiwa limesimama, inalia "tang" karibu na boneti. Sasa wanataka nibadilishe mikono ya chini (vyuma vinavyoshikilia tairi kwa chini), boljointi (kiungo cha mkono na tairi) na tairodi endi (kiungo cha usukani na tairi), vyote kwa mkupuo. Hiyo ni hela ya vifaranga wapya. Nianzie wapi?

BushiMoro:
Pole dada. Mimi ya kwangu ilitulia nilipobadilisha mikono ya chini, bushi za nyuma, zile raba zake, zilikuwa zimechanika kabisa. Ila yangu ilikuwa inagonga nikishika breki na nikiondoka, siyo kwenye mawe.

FundiShimoni:
Marahaba binti yangu. Usinunue kitu bado. Hilo la tuta kukaa kimya na shimo la tairi moja kugonga ndilo la kushika.

Stabilaiza ni fito ya chuma inayounganisha kushoto na kulia. Tairi zikipanda pamoja, fito inazunguka tu kwenye bushi zake, na linki, vijiti vinavyoishika kila upande, hazisumbuki. Likipanda moja, fito inajipinda, na linki iliyolegea inagonga hapohapo. Kwenye IST linki imeshikwa chini na fito, juu na shokapu yenyewe, kwa hiyo mlio unapandia huko na mtu anahukumu shokapu.

Gari liingie kwenye shimo la gereji, tairi zote zikiwa zimekanyaga. Mtu ashike linki kwa mkono aitikise kwa nguvu. Usikubali aipime akiwa amepiga jeki upande mmoja: fito inakuwa imejipinda, inaivuta linki na kuikaza, na mbovu inaonekana nzima. Hili linaniuma kweli, maana hapo ndipo watu wanapoanza kulipia vyuma visivyo na kosa.

Kabla hujafika huko, pita kwenye mawe yako kwa mwendo mdogo na uguse breki kidogo. Mlio ukikata, angalia pedi na pini za kalipa (kibanio cha pedi za breki) kwanza.

Jeki ni ya boljointi na tairodi. Ikae kwenye bodi, na stendi chini yake, tairi lining'inie. Tikisa juu na chini, mwenzako aangalie kama mchezo (kulegea) uko kwenye boljointi au kwenye beringi ya tairi. Tikisa kushoto na kulia, hapo ni tairodi endi, au reki endi (kiungo cha ndani cha usukani) iliyo ndani ya buti ya raba. Bushi za mkono zisukumwe kwa mtaimbo mdogo, raba iliyochanika itaonekana. Kisipokuwa na mchezo, kiache.

Hiyo "tang" ni kesi nyingine. Uliza kama walirudisha mauntingi (vishikio vya juu) zako za zamani juu ya shokapu mpya.

MayaiMadale:
Asante sana baba. Nimegusa breki, mlio haukukata. Kwenye shimo la gereji linki ya kushoto imecheza mpaka mimi mwenyewe nimeiona, ya kulia kidogo. Boljointi na tairodi hazina mchezo. Nimefunga linki mbili tu na nimepita barabara yangu yote ya vumbi, ko-ko-ko haipo! "Tang" ndiyo imebaki. Na ndiyo, mauntingi walirudisha zilezile.

FundiShimoni:
Basi mtu mmoja azungushe usukani, mwingine aweke kiganja juu ya springi kwa nje, vidole visiingie katikati ya mizunguko. Springi ikijikaza halafu ikaruka, beringi ya mauntingi imekwama, au ncha ya springi haikukaa kwenye kiti chake. Kama ni kiti, hutanunua kitu, ni kufungua na kuipanga upya.

Simamia jambo moja: springi ibanwe na kibanio chake pande mbili kabla nati ya juu haijaguswa. Nati ikifunguliwa springi ikiwa na nguvu zake, inaweza kuua mtu. Anayetaka kuifunga kwa kamba au waya, ondoa gari lako. Halafu ukapime alaimenti (unyoofu wa tairi), kwa sababu boliti za chini ya shokapu zitakuwa zimefunguliwa.

BushiMoro:
Fundi, na zile bushi za mikono, kuna namna ya kukaza? Zangu mpya zimeanza kuchanika tena.

FundiShimoni:
Ipo. Boliti zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia, raba inabaki imesokotwa muda wote gari likitembea.

MayaiMadale:
Nimeelewa. Jumapili sina mzigo, litaingia gereji nyingine yenye kibanio, na nitakuwa nimesimama hapo.