Sinki la jikoni linaziba kila wiki mbili na maji yenyewe ya kununua, nifanyeje?

MamaMaandazi:
Habari zenu wakuu. Niko Tabata, nyumba ya kupanga, familia tatu mita moja. Mi nakaanga maandazi na samaki wa oda hapahapa nyumbani, sasa sinki limekuwa mtihani, kila baada ya wiki mbili linaziba, maji yanasimama, harufu nyumba nzima. Fundi ameshakuja mara tatu, anamwaga dawa yake, analipwa, anaondoka, wiki mbili yaleyale. Na mimi nikiona maji yanashuka polepole nafungulia bomba kwa nguvu lisukume uchafu, mwisho wa mwezi bili imepanda wenzangu wananinunia. Wiki ya mgao ndo nanunua madumu halafu naishia kuyamwaga humohumo, inauma jamani. Kuna aliyepitia hili akapona?

KijanaWaKimara:
Pole dada. Nenda hadiwea chukua kostiki soda, vijiko vitatu, mwagia maji yanayochemka, acha dakika kumi. Mi ndo natumia.

FundiBomba:
Mdogo wangu hapo juu naomba nikukatalie. Kostiki ikikutana na maji ya moto inachemka na kuruka, ikiingia jichoni ni kipofu huyo. Na mabomba ya sinki mengi ni plastiki, maji yanayochemka yanayalegeza, maungio yanaanza kuvuja. Tena msije mkachanganya jiki na dawa ya kuzibulia yenye asidi, hewa inayotoka hapo ni sumu kabisa.

Dada, shida yako ni mafuta. Yakiwa ya moto yanatiririka, yakifika kwenye bomba yanapoa yanagandia pembeni, punje za wali na unga wa ngano vinanasa hapo, kila siku tundu linapungua. Maji ya nguvu yanapita kwenye katundu kalikobaki tu, yale mafuta hayaondoki, umelipia bure. Chini ya sinki kuna kipande kilichopinda kama U, au kingine kama kikombe. Weka ndoo chini yake, fungua zile nati kwa mkono, ni plastiki hazihitaji spana, toa uchafu, sugua na mswaki wa zamani na sabuni. Ukirudisha angalia ule mpira wa washa umekaa sawa, ukikaa upande litavuja. Na usikubali fundi akuondolee hicho kipande kabisa, maji yanayobaki pale ndo yanazuia harufu kupanda jikoni. Ukikuta pasafi basi tatizo liko mbele, kwenye chemba ya nje, au bomba lililazwa bila mteremko, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

MamaWaTanga:
Mwanangu, sufuria ya mafuta isifike kwenye sinki hujaifuta. Mi nafuta na gazeti au majivu, mafuta yaliyochoka yakipoa namimina kwenye chupa nafunga natupa na taka. Vyombo naoshea kwenye beseni mbili, ya sabuni na ya kusuuza, yale ya kusuuza yanaenda chooni. Maji ya kuoshea mchele namwagilia mchicha.

Mpangaji3:
Hiyo bili isiwe sinki peke yake. Mkishalala wote soma mita, asubuhi kabla mtu hajagusa bomba soma tena, namba ikisogea kuna mahali panavuja (kama mna simtanki fungeni koki yake kwanza, ikijaa usiku itawadanganya). Kwetu ilikuwa choo. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tanki la choo, usiflashi, subiri nusu saa, ukiona rangi kwenye bakuli ujue ule mpira wa chini umechoka. Uniti moja ni lita 1,000, ndoo 50 za lita 20 hizo. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde peke yake linakula kama ndoo moja kwa siku, wala hulisikii.

MamaMaandazi:
Nimefungua leo asubuhi. Kimetoka kitu cheupe kigumu kama sabuni ya mche, ndani kuna wali, nyuzi za stilwaya na kijiko cha mwanangu nilichokitafuta tangu Idi. Maji yanashuka na mlio sasa! Mafuta ya jana nimeshayaweka kwenye chupa, shikamoo mama wa Tanga, asante sana. Na ile ya rangi nimejaribu, imeshuka yote kwenye bakuli. Nimemtumia mwenye nyumba picha, kasema fundi anakuja Jumamosi.